Mfalme Aliyevaa Kofia

Kiembe Samaki anakokaa, Maisara binti Usi anajulikana kwa kofia zake za mkono. Lakini wenye maduka ya vitu vya kale Mji Mkongwe wamemzoea kwa jambo jengine kabisa. Wao humwita Bi Maisara wa Wafalme, kwa sababu kwa miaka mingi alikuwa na kopo la biskuti lililotandikwa pamba, na ndani yake zimelala sarafu za fedha za wafalme wa Kigiriki, wale waliogawana nchi baada ya kufa Iskandar Mkuu, na waliowafuata.

Aliyemtia maradhi hayo ni mumewe, Duni, fundi mitambo wa meli za mizigo. Safari yake ya kwanza baada ya harusi, Maisara alitegemea kuletewa kitambaa au manukato kama wake wa mabaharia wenzake. Duni akatia mkono mfukoni akamtolea sarafu moja nzito aliyoinunua Iskandaria. Upande mmoja uso wa mfalme Batlimus, kidevu kimemchomoza. Upande wa pili tai kasimama, kakunja mbawa.

"Huyu kafa zamani za zamani," Duni akamwambia, "na bado anakutizama."

Maisara alicheka, akaamini mumewe kauziwa bati. Lakini kesho yake alijikuta ameweka sindano chini, ameishika ile sarafu karibu na dirisha, anafuata kwa kidole nywele za mfalme zilizochongwa moja moja. Yeye ni mshonaji, anajua jicho linavyouma kwa kazi ndogo. Aliyechonga nywele zile naye aliumwa na macho, akajisemea, na tangu siku ile akawa mwenzake.

Kila safari Duni akaleta mmoja. Kutoka Beirut alimletea Antioko. Kutoka Karachi alileta Menanda, na safari nyengine sarafu ya pembe nne, ndogo kama kipande cha kashata, ya mfalme Apolodoto, yenye tembo upande mmoja na ng'ombe mwenye nundu upande wa pili. Hiyo ndiyo iliyomfurahisha zaidi Maisara, maana ng'ombe yule ni yule yule anayevuta magari ya mizigo huko Fumba kwa wazazi wake. Duni akirudi baharini, yeye hubaki na wafalme, na kila akiwapanga juu ya mkeka huwa kama anaipanga njia aliyopita mumewe.

Simu ya mwisho ilitoka Karachi. Faiza, mtoto wao, alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, anavuta waya wa simu.

"Safari hii nimekupatia mfalme wako hasa," Duni alisema. "Kavaa kofia. Bapa kidogo, lakini kofia. Na anacheka, si kucheka kwa meno, kama mtu aliyekumbuka kitu akakaa nacho. Jina lake Antimako. Nyuma kuna sanamu la mungu wao wa bahari, kashika mkuki wa ncha tatu. Utaniambia mwenyewe kofia ile imeshonwa vipi."

"Njoo nayo upesi basi," Maisara akamjibu. Hakusema zaidi ya hayo, kwa sababu Faiza alikuwa keshaanza kulia.

Meli ilipofika Mumbai Duni alishikwa na homa, akapelekwa hospitali, na hakutoka. Alizikwa huko huko, siku ile ile aliyokufa. Ubwa, baharia mwenzake, ndiye aliyesimamia maziko, na ndiye aliyerudi na begi. Ndani mlikuwa na nguo, wembe, na mwanasesere wa Faiza. Sarafu haikuwemo. Ubwa aliapa hajaiona, na Maisara alimsadiki. Mtu anafia ugenini, vitu vyake vinapita mikono mingapi?

Alikaa eda, akamaliza, akarudi kwenye sindano. Wakati huo kwenda Mumbai lilikuwa jambo la kuota tu. Mtoto mdogo, mama mkwe mgonjwa, na yeye hata Pemba hajawahi kufika. Basi hamu yote ikahamia kwa mfalme mwenye kofia. Akaanza kuulizia mitaa ya Gizenga na Hurumzi, duka kwa duka, kama kuna aliyemwona. Nabeel, kijana aliyerithi duka la vitu vya kale kwa baba yake, alimwonea imani. Simu za kisasa zilipoingia akamfundisha kutizama picha za minada ya Ulaya katika simu, na yeye mwenyewe akawa akimwagizia sarafu zilizochakaa ambazo wengine hawazitaki. Kila akikusanya faida ya kofia za sikukuu, Maisara huongeza mfalme mmoja. Antimako alimwona kwenye picha tu, na picha haikumtosha. Miaka ikaenda hivyo. Faiza akakua, akasoma, akawa mwalimu wa chekechea, na kopo likajaa.

Mwaka jana, baada ya Idi Kubwa, Nabeel akampigia.

"Shikamoo Bi Maisara. Uko mjini leo?"

"Marahaba. Nipo Darajani, nauza."

"Ukimaliza pita dukani. Kuna mgeni nataka umwone."

Mgeni alikuwa mzee wa Kigiriki, Bwana Stavro, aliyezaliwa Tanga kwenye mashamba ya mkonge na kuondoka kijana. Kiswahili chake kilikuwa cha zamani, cha watu waliokwisha kufa. Alikuwa anazunguka kuaga miji aliyoijua, na njiani anabadilishana sarafu na wenziwe. Alifungua kitambaa, akaisukuma sarafu moja juu ya meza.

Maisara aliijua kabla hajaishika. Kofia bapa, imekaa kichwani kidogo nyuma. Na midomo ile. Duni hakusema uongo, mfalme alikuwa kakumbuka kitu akakaa nacho. Aliipokea kiganjani, akahisi uzito wake, na ubaridi wake ukipata joto la mkono. Nabeel akajitia kupangusa kabati.

"Kofia hii haina mshono," mwisho alisema. "Ni ya sufu iliyoshindiliwa, au ngozi."

"Sufu," alisema Bwana Stavro. "Kofia za watu wa Makedonia. Unajua kutizama, mama."

Kisha akamwambia kwamba Nabeel keshamwonyesha picha za sarafu zake, na ile ya pembe nne ameitafuta sana. Yu tayari kumpa Antimako, na yeye Stavro achukue kopo zima. Na kama hataki kubadilishana, atazinunua zote kwa bei nzuri. Achague mwenyewe.

Maisara aliomba siku mbili. Nyumbani alitandika mkeka akawapanga wafalme wote. Ndege zilikuwa zinashuka uwanjani kama kawaida, zinatikisa vikombe kabatini, na kila moja iliyopita yeye aliinua kichwa. Alikuwa akizisikia kwa miaka yote hiyo bila ya kuzisikia. Faiza aliporudi kazini alimkuta bado amekaa pale pale.

"Umeamua, mama? Utamchukua huyo mwenye kofia?"

"Nshamwona. Nimemshika." Maisara akatizama kiganja chake. "Nilidhani nikimshika nitapumua. Nimemshika, na nnamtaka baba yako vile vile."

"Basi usivitoe. Hivi ndivyo vitu alivyotuachia."

"Vitu tumevitunza, Faiza. Yeye mwenyewe yuko kule, na hajakwenda mtu hata mmoja kumwambia assalamu alaikum."

Faiza alikaa mkekani, akaichukua ile yenye ng'ombe, akaitizama, akairudisha kwenye pamba kwa mkono wake mwenyewe.

Wakaziuza zote, zikawa nauli ya watu wawili kwenda Mumbai. Bwana Stavro alilipa kama alivyosema, akaondoka na kopo na Antimako wake pamoja. Maisara hakumsindikiza mpaka nje. Ilikuwa kama kuzika tena, alimwambia Nabeel, ila safari hii yeye yupo.

Mumbai walifikia kwa shangazi yake Nabeel, Bi Rumana, aliyezaliwa Kiponda, Mji Mkongwe, akaolewa huko. Bi Rumana aliwapokea kwa kuwauliza, hata viatu hawajavua, kama bado watu hukaa barazani alasiri na kama pale sokoni bado wanauza shokishoki kwa mafungu. Maisara akamjibu kila kitu taratibu. Alimwelewa.

Ubwa alikuwa amewaelekeza vizuri, makaburi ya Waislamu karibu na stesheni ya treni. Walikwenda asubuhi, Maisara na Yasini yake mkononi, buibui jipya. Mlangoni mlinzi mzee aliinuka akazungumza na Bi Rumana kwa upole na kwa muda mrefu. Bi Rumana aligeuka, uso umembadilika.

"Anasema wanawake hawaingii humu. Hata mama yake yeye mwenyewe, marehemu, yumo, na dada zake husimama hapa hapa nje."

Faiza alitaka kubishana. Maisara akamshika mkono. Miaka yote ile, na kopo zima la wafalme, kuja kusimama mlangoni. Aliegemea ukuta. Lakini hakulia, akasema tu, "Mwambie nimetoka Zanzibar. Mwambie ni baharia, alizikwa peke yake. Muulize mabaharia wanalazwa upande gani."

Mzee alisikiliza. Akaenda ndani, akakaa sana, akarudi akawaashiria wamfuate kwa nje. Waliuzunguka ukuta mpaka nyuma, ambako unakwisha na kuwa nondo za chuma, na reli iko upande wa pili wa njia. Akanyoosha kidole chini ya mwarobaini. Wageni wa meli walizikwa pale, alisema. Alama hakuna, na wengine wamelazwa juu yao, lakini ni pale, hatua chache tu kutoka kwenye nondo.

Maisara alitia mkono mmoja katikati ya nondo. Mkono haukufika popote. Akatoa salamu kwa sauti, kama anayeingia nyumbani, kisha akasoma Yasini yote, na treni zikipita yeye huinua sauti. Alipomaliza aliendelea kusema naye. Alimwambia habari za Fumba, mashamba yalivyogeuka mji wa maghorofa. Alimwambia kuwa mama yake mzazi, aliyemwacha mgonjwa, kafa kwa utulivu. Alimvuta Faiza karibu. "Na huyu ndiye yule aliyekuwa akilia kwenye simu," akamwambia.

Faiza, ambaye maisha yake yote hakupata kuwa na la kumwambia baba asiyemkumbuka, alisema, "Naam, Baba," kana kwamba ameitwa. Ndipo Maisara alipolia.

Walikaa mpaka jua likapanda. Wakati wa kuondoka, mwanamke mmoja alikuwa amekaa njiani akitunga asumini kwenye uzi. Maisara alinunua nyuzi mbili. Moja alimpa mzee mlinzi akaiweke ndani. Ya pili alisita nayo, kisha akaipenyeza nyweleni chini ya mtandio, jambo ambalo hajalifanya tangu siku za Duni kurudi safari.

"Inanukia, mama," Faiza alisema ndani ya gari.

"Inanukia," alisema Maisara, akageukia dirishani, akitizama makaburi yanavyobaki nyuma mpaka ukuta ukayafunika.