Bao la Yonasi na Jicho la Enoka

Enoka Silwimba alikuwa fundi wa matairi ya malori pale Tunduma, na ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wa tawi la mashabiki wa timu ya Mbogo, mtaa wa Sogea. Kwa miaka kumi na moja hakuna mechi iliyochezwa bila ngoma yake kusikika. Alikuwa na mabega mapana na maneno machache. Ukiwa shabiki wa Radi, wapinzani wao wa jadi, hukutamani kukutana naye baada ya mchezo. Mwaka jana tu, yeye na mwenyekiti wa tawi, Clever, walimkamata shabiki mmoja wa Radi huko Vwawa, wakamvua jezi na kumpiga mpaka akatema meno mawili kwenye lami. Walirudi Tunduma wakiimba.

Lakini Enoka alikuwa na jambo moja ambalo wenzake hawakulielewa. Zamani kidogo aliitwa kijijini Itaka kutengeneza lori la mahindi lililopasuka matairi. Akisubiri tairi lije kutoka Mlowo, alikwenda kutazama mechi ya vijana wa huko. Winga wa kushoto, Yonasi, akiwa peku, aliupokea mpira huku ameligeuzia goli mgongo, akageuka mara moja, beki akabaki anakumbatia vumbi. Enoka alisahau lori. Jioni alimwambia mkewe, Erica, "Leo nimeona mtu." Tangu siku hiyo hakuacha kumfuatilia.

Yonasi alikuja kusajiliwa na Mbogo, akawika misimu mitatu, kisha akahamia Radi. Siku habari ilipothibitishwa, wanachama walikusanya jezi zenye jina lake wakaziwashia moto nje ya tawi. Clever akamnyooshea Enoka mkono.

"Lete ya kwako."

"Mimi ni Mbogo, mwenyekiti, unanijua. Ila hii siichomi."

"Yule msaliti!"

"Aende anakotaka. Mimi napenda anavyocheza."

"Hapa hatupendi mtu, Enoka. Tunapenda timu. Ukitaka mtu, nenda kaoe tena."

Watu walicheka, lakini kuanzia hapo macho yao hayakumwacha. Walijua kwamba Radi ikicheza, fundi Enoka hujifungia na simu yake kwenye karakana, na Yonasi akitolewa nje tu, huizima na kurudi kwenye matairi.

Ikafika Jumamosi ya Mbogo na Radi. Saa kumi jioni kibanda umiza, banda la mtaani la kutazamia mpira, kilikuwa kimejaa hadi watu wanakaa juu ya kreti. Nje ya mlango, Jenista, mjane ambaye wengi humwita mama Happy, anayekaanga chipsi pale kila siku, alikuwa ameshaweka karai la mafuta jikoni. Enoka alipiga ngoma tangu filimbi ya kwanza. Mbogo walipotangulia kufunga, aliipiga mpaka kidole kikachubuka. Radi wakarudisha. Dakika ya themanini na nane mpira ukamfikia Yonasi, mgongo kwa goli. Akageuka vilevile kama Itaka. Beki akaanguka. Wavu ukatikisika.

Enoka alijikuta amesimama, mikono juu, na sauti imemtoka: "Yonasi!"

Vichwa vyote vikamgeukia. Mtangazaji kwenye runinga alisikika yuko peke yake. Kisha kiti cha plastiki kikampata kisogoni. Alipogeuka, Clever alikuwa mbele yake na chupa ya soda, na chupa ile ilitua kwenye jicho la kushoto. Ikapasuka.

Walimburuta nje kwa miguu. Walimpiga mateke ya mbavu, ya mgongo, ya mdomo. Mmoja alipanda juu ya mkono wake akaukanyaga kwa kisigino mpaka mfupa ukalia. "Piga msaliti! Ua!" Walikuwa watu aliokula nao, waliomsindikiza kumzika baba yake. Damu ilimjaa mdomoni, na katikati ya kipigo alimkumbuka yule mtu wa Vwawa. Mtu yule alikuwa ameziba uso kwa viganja, akisema, "Inatosha, jamani, inatosha." Enoka naye akajaribu kusema hivyo hivyo. Meno hayakumruhusu.

"Mwacheni!"

Alikuwa Jenista. Alikuwa ameshika karai kwa matambara mawili, mafuta yakichemka ndani. "Atakayemgusa tena, haki ya Mungu, namwagia!"

Wengi waliruka nyuma. Clever hakuruka. "Mama Happy, haya si yako," alisema, akanyanyua mguu juu ya kichwa cha Enoka.

Jenista akamwaga.

Ukelele wa Clever ulisikika hadi kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Ngozi ya paja ilibanduka pamoja na suruali. Polisi walifika watu wakiwa bado wanammwagia Clever maji. Majeruhi wawili walipakiwa gari moja kwenda hospitali, na Jenista akapelekwa kituoni.

Enoka alipewa rufaa kwenda Mbeya. Jicho halikuokoleka. Aliporudi siku ya tano, mkono ukiwa kwenye plasta, hamu yake ilikuwa moja tu: Clever afungwe. Alikwenda wodini kumwambia hivyo usoni. Akamkuta amelala chali, mguu umefungwa bandeji, inzi wakimzunguka, mama yake akimpepea kwa kanga.

"Nitakupeleka mahakamani," Enoka alisema.

"Nipeleke. Na mimi nitampeleka mama Happy. Watoto wake watatu utawalea wewe." Clever alipumua kwa shida. "Ukifuta yako, nafuta yangu."

"Umenitoa jicho, Clever."

"Najua."

"Ulikuwa unaniua."

Clever aligeukia ukuta. Mama yake ndiye aliyelia. Enoka alisimama pale, akatamani kuushika mguu ule uliofungwa na kuubinya kwa mkono wake mzima.  Halafu akawakumbuka watoto wa Jenista, akatoka nje bila kuugusa.

Kesho yake wote wawili waliandika kwamba hawataki kuendelea na kesi. Jenista aliachiwa siku ya tisa. Mwenye kibanda alikuwa ameshamfukuza mlangoni pake, hivyo akahamishia jiko lake mbele ya karakana ya Enoka, bila kuomba ruhusa. Siku ya kwanza Enoka alimpelekea kiti.

"Dada, sijui nikushukuru vipi."

"Usinishukuru. Nikifumba macho namsikia yule anavyolia." Alichukua kiazi kingine akakimenya. "Hivi huyo Yonasi, anakujua?"

"Hanijui."

"Hajawahi hata kukusalimia?"

"Hapana."

Jenista aliitazama bandeji jichoni mwake, akatumbukiza viazi kwenye mafuta. Lori lililobeba shaba kutoka Zambia likaingia likichechemea, tairi la nyuma limekwisha. Enoka akainuka, akaliendea na mtarimbo katika mkono mmoja.