Bega la Lionel
Kila mwaka wahitimu wanaporudi chuoni, mkongwe mmoja wa chama chao cha udugu ndiye huongoza ngoma ya miguu. Viatu vyake humeremeta, na sauti imekauka, lakini akikanyaga chini, uwanja mzima hutulia. Wanaume hujipanga kwa mfuatano walioapishwa nao, kila mmoja mkono begani kwa aliye mbele yake. Safari hii Cordell, mwanachama mpya, alimwona mkongwe huyo amenyoosha mkono hewani, pengo la mtu mmoja likiwa mbele yake.

"Kaka Mkubwa, songa bwana! Mstari una pengo kama mdomo wa babu!"

Wenzake wakaangua kicheko. Mkongwe hakugeuka.

"Hapo ni pa Lionel, aliyeapishwa mbele yangu. Tulimzika, lakini sijampita."

Kicheko kikakatika. Ngoma ikaanza, na Cordell akauona mkono ule ukipanda na kushuka, kama umeshika bega la mtu anayecheza.