Sifuri za Mama Milimita

Saa tatu kamili asubuhi, Mama Milimita anainama juu ya kopo lililofukiwa nusu uani kwake. Anatumbukiza rula ya shule, anaitoa kavu. Daftarini anaandika: sifuri.

"Hata sifuri ni habari," anasema, akipangusa rula kwa pindo la gauni.

Kwa miaka ishirini na tisa na miezi kumi, mpimaji huyu wa mvua hajaruka siku. Upepo kutoka baharini hugonga mlima, hupanda, hupoa, humwaga maji yote upande ule. Upande huu hushuka mkavu. Kule msitu, huku nusu jangwa. Wanafunzi wakimtembelea huwategea kitendawili: "Nyumba yangu moja, upande mmoja inavuja, upande wa pili tunaomba maji." Jibu ni mlima.

Lakini kwenye ramani ya ofisi ya hali ya hewa, pande zote mbili zimepakwa kijani, rangi ya mvua nyingi. Ndiyo maana kila msimu wakulima wa huku wanaletewa mbegu za kule kwenye mvua, na kila msimu mahindi hukauka yakiwa magotini.

"Nililalamika. Wakasema tabianchi haijulikani kwa mwaka mmoja, leta vipimo vya miaka thelathini. Nikasema haya."

Siku ya maziko ya mumewe, saa tatu ilipokaribia, aliondoka msibani. Shemeji yake akamfuata.

"Shemeji, kaka hata kaburini hajafika, unakimbilia kidude?"

"Narudi sasa hivi."

Hakukuwa na tone. Akaandika sifuri. Aliporudi, udongo ulikuwa umeshasawazishwa. Milango yao inatazamana, lakini shemeji hajamsalimu tangu hapo. Huu mwaka wa kumi na moja.

Mwezi uliopita gari la ofisi lilikuja kung'oa kipimo walichomwekea uani, kihamishiwe upande ule wa mlima.

"Huku hakuna cha kupima, mama," fundi alimwambia.

"Mwanangu, hicho ndicho nilichokuwa nakipima."

Akatafuta kopo la rangi, mdomo na kitako sawasawa, akalifukia palepale. Ofisi imeshasema vipimo vya kopo havipokelewi.

Zimebaki siku sitini. Zikitimia, atayafunga madaftari yote thelathini kwa kamba na kuyapeleka mwenyewe.

Na wakiyakataa?

"Wayakatae yakiwa mezani kwao, juu ya ramani yao."

Ni mzigo wa watu wawili. Anautazama mlango wa shemeji. Umefungwa.

"Nitakwenda mara mbili," anasema.