Nusu ya Firigisi

Nimejibu maswali ya watoto kwa miaka mingi, na mengi ninayajua kabla hayajatoka mdomoni. Wataniuliza kama ninaandika kwa kalamu au kwa kompyuta. Wataniuliza kama nilizaliwa zamani sana. Mmoja atataka kujua kama watu wa hadithini ni wa kweli, nami humjibu kwa kicheko kwamba ni wa kweli ndani ya kitabu. Jibu hilo lilinitosha mpaka asubuhi ile ya Shianda. Hata sasa, nikiandika haya chumbani kwangu Shirere, wanafunzi wapangaji wakipiga muziki upande wa pili wa ukuta, ninasimamisha kalamu mara kwa mara kama mtu aliyesikia akiitwa.

Kitabu chenyewe ni kidogo. Kinasimulia jinsi miwa ilivyofika kwetu, wakati mashamba ya mtama na mahindi yalipopimwa, matrekta yakaja, na watu wakatia vidole kwenye karatasi. Ndani yake kuna karani kijana, mgeni kutoka mbali, mwenye roho mbaya. Kuna mjane anayetia kidole upesi kwa sababu ameahidiwa gunia la sukari. Mwishowe trekta inalima mpaka kaburi la mumewe. Watoto wanakipenda kwa sababu ya trekta.

Mwalimu wa gredi ya sita katika shule ya Shianda aliniita nije nizungumze na darasa lake. Walikuwa wamekisoma kitabu mara mbili na walitaka kujua mtu anaandikaje hadithi ya mambo ya kale. Sikuwa nimefika upande ule tangu ujana wangu. Niliwaza kwamba wote walionijua huko walishazikwa.

"Kuka," akaanza kijana mmoja, akiniita babu kwa lugha ya kwetu, "mbona ng'ombe wa mjane ni mweupe kwa ukurasa wa nane, halafu kwa ukurasa wa ishirini ni mweusi?"

Darasa likaangua kicheko. Sikuwa nimeliona kosa hilo.

"Alinyeshewa," nikasema. "Rangi ikatoka."

"Kwani alikuwa amepakwa chokaa?"

Nilicheka nao. Nilikuwa na furaha, sitaficha. Msichana mwingine akauliza, "Kama hukuwepo, unajuaje vile watu wa zamani walikuwa wanafanyanga?" Hilo ndilo swali ninalolipenda, nikasimama vizuri kulijibu. Nikawaambia kwamba mwandishi huwauliza wazee, huangalia vitu vya zamani, kisha hutafuta jambo dogo. Msomaji haamini mwaka, nikasema, anaamini chakula. Nikawauliza, kwao kuku akichinjwa, nani hupewa imondo, yaani firigisi?

"Baba!"

"Mgeni!"

"Kwetu ni mama. Baba anapendanga mapaja."

"Basi," nikasema, "nikiandika kwamba mjane alimpa karani firigisi, sihitaji kuongeza kwamba alimheshimu. Mmeshajua. Halafu kitabuni nikasema karani aliikata katikati akampa mtoto wa mjane nusu. Hapo nilibuni tu, ili karani asiwe mbaya mwanzo mpaka mwisho."

Msichana aliyekaa karibu na dirisha akainua mkono. Sweta yake ilikuwa imeshonwa kiwikoni kwa uzi wa rangi nyingine.

"Kuka, hiyo hukubuni."

"Kwa nini unasema hivyo, mama?"

"Kukhu wangu ndiye anasema. Nyanya yangu. Ninamsomeanga kitabu jioni. Nilipofika hapo kwa imondo akaniambia, rudia. Nikarudia. Akasema siku hiyo nyumbani walikuwa watu watatu tu. Yeye, na baba yangu akiwa mdogo, na karani. Sasa anauliza, wewe ni nani kati ya hao watatu?"

Chaki ilinianguka. Nyuma ya darasa wavulana wakaanza, "Wa sukari! Keti chini, wa sukari!" Mwalimu akagonga meza, akaniambia kwa sauti ya kuomba radhi kwamba wamezoea kumwita hivyo tangu wasome kitabu, kwa kuwa kila mtu pale anajua ni mjane wa boma gani aliyelimiwa kaburi.

Kila mtu anajua. Nilibadilisha majina yote katika kitabu kile na nikaamini nimemaliza kazi.

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli papo hapo. Nilisema, "Waandishi hubahatisha, mtoto wangu. Wakati mwingine tunabahatisha sawasawa."

"Sawa," akasema, akiketi. "Kukhu alisema utajibu hivyo."

Acha nieleze kilichokuwa kweli. Karani hakuwa mgeni wala hakuwa na roho mbaya. Nilikuwa mimi, kijana wa ng'ambo ya pili ya mto, nimetoka kumaliza kidato cha nne, wa kwanza katika ukoo wetu. Nilipata kazi ya kupita nyumba kwa nyumba na karatasi za mkataba wa miwa, kuwasomea watu, kisha kuchukua alama za vidole vyao. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Sehemu kubwa niliielewa. Katikati kulikuwa na sentensi moja ndefu ya kisheria iliyonishinda, na kila nilipofika kwenye sentensi hiyo nilibahatisha.

Mjane yule alikuwa kijana, labda amenizidi miaka mitano. Alinichinjia kuku. Aliniuliza jambo moja tu: upande wa migomba, alipolala mumewe, utaguswa? Niliitazama ile sentensi. Alikuwa amesimama na bakuli mkononi, akiniita msomi. Nikamwambia upande ule utaachwa. Akatia kidole, akanipa firigisi. Mtoto wake wa kiume alikuwa amekodoa macho kwenye sahani yangu, nikamkatia nusu. Hakuna aliyetaja sukari siku ile.

Trekta ililima kila kitu. Nilikuwa nimeshahamishiwa mashamba mengine nilipopata habari. Msimamizi wetu aliniita akaniuliza, "Ulimweleza yule mama?" Nikasema, "Nilimweleza, akakubali." Ni maneno mawili tu. Shemeji zake walimwambia ameuza mifupa ya ndugu yao, naye akachukua mtoto akarudi kwao Khwisero. Habari za gunia la sukari zilitungwa sokoni baadaye. Mimi nilizisikia, nikazikumbuka, na nilipozeeka nikazitia kitabuni kwa sababu zilinipunguzia mzigo.

Kipindi kilipokwisha, msichana alinisubiri mlangoni.

"Kukhu amesema ukimaliza uje ule."

"Kukhu yuko hai?" Niliuliza swali la kijinga, na yeye alinijibu kama linavyostahili.

"Yuko jikoni."

Nyumba yao ilikuwa hatua chache nyuma ya shule, imezungukwa na miwa pande tatu. Mwana wa Kukhu, baba ya msichana, alikuwa amerudi kuishi kwenye shamba la baba yake alipokuwa mtu mzima, akamleta mama yake. Tulimkuta mlangoni juu ya kigoda, mwanamume mwenye mvi, matope kwenye buti. Alinisalimu kwa heshima, akanishukuru kwa kuwaandikia watoto. Hakujua mimi ni nani. Nilimtazama nikamwona yule mtoto aliyekodolea sahani macho, nikakosa pa kuweka mikono.

Mama mzee alitoka jikoni akiwa amenyooka kuliko mimi.

"Karani," akasema. "Umezeeka vibaya."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nimezeeka vizuri. Keti."

Mwanawe akageuza shingo aliposikia neno hilo, karani. Mama aliweka mezani obusuma, ugali wa kwetu, na bakuli la kuku, lakini hakutukaribisha. Alikwenda chumbani akarudi na kitabu cha nyimbo za kanisani. Ndani yake, katika mfuko wa plastiki, kulikuwa na karatasi. Niliitambua kabla haijakunjuliwa.

"Nisomee," akasema.

"Mama, mjukuu wako angeweza..."

"Amenisomea. Anajua Kiingereza kuliko wewe wa siku zile. Nataka usome wewe, huyu akisikia." Akaelekeza kidevu kwa mwanawe.

Nilivaa miwani. Nilikuwa nimekaa miaka yote hii nikiamini kwamba karatasi ile ilikuwa ngumu, kwamba kijana yeyote angeshindwa. Nikaisoma ile sentensi iliyonitisha. Haikuwa ngumu hata kidogo. Ilisema shamba lote litalimwa, isipokuwa sehemu ambayo mwenyewe ataomba iachwe, na sehemu hiyo ichorwe kwenye mraba ulio chini ya karatasi.

Nilishusha macho. Mraba ulikuwepo, mkubwa kama kiganja cha mtoto. Ulikuwa mtupu. Pembeni yake kulikuwa na alama ya kidole cha mama, ya rangi ya zambarau, na chini yake saini yangu yenye mikia mingi, saini ya mtu anayejivuna.

Mstari mmoja wa kalamu ungetosha. Niliyafasiri maneno yote kwa Kiswahili, polepole, kisha nikasema nilichomwambia mama siku ile, na nilichomwambia msimamizi baadaye.

Mwanawe aliinuka akaja mezani. Aliweka kidole kwenye karatasi.

"Huu mraba ni wa nini?"

"Wa kuchora sehemu inayoachwa."

"Na wewe ulichora nini?"

"Sikuchora kitu."

"Kwa nini?"

"Sikuelewa yale maneno."

"Si ungeuliza?"

"Kila mtu aliniita msomi," nikasema. "Niliona haya."

Alicheka kicheko kimoja kikavu, kama kikohozi. "Haya," akasema. "Haya ya Kiingereza." Nilidhani atanipiga, na nisingeinua mkono. Badala yake alimgeukia mama yake. Sauti yake ilikuwa ndogo, haikufanana na mwili wake. "Uliniambia nikiwa darasa la nne. Ulisema karani alisema hapataguswa. Nikakuambia wewe ni mwongo."

"Ulisema," mama akajibu. "Na juzi ulipomaliza kile kitabu uliniangalia vile vile."

Msichana alikuwa amesimama na jagi la maji ya kunawa, amesahau kuyamimina. Mama akapapasa ndani ya bakuli kwa vidole, akapata alichotafuta, akakiweka kwenye sahani ya mwanawe.

"Safari hii nzima," akasema. "Kaa ule."

Mwanamume yule wa mvi aliketi. Alitafuna kwa muda mrefu sana, machozi yakishuka bila yeye kuyafuta. Nami nilipewa shingo, nikaila.

Nilipoaga nilimuuliza mama nifanye nini. Nilikuwa tayari kupiga magoti. Alikuwa akikusanya sahani na hakuacha.

"Mtoto alikuuliza swali," akasema. "Nenda ukalijibu."

Nilirudi shuleni juma lililofuata. Nilikuwa nimeandika upya kurasa za mjane, nikaenda mjini kuzitolea nakala, moja kwa kila mtoto, na nikanunua gundi. Mwalimu alifikiri nimekuja kuuza vitabu. Nikasimama mbele ya darasa lile, na sasa nilijua nitakachosema.

"Mwenzenu aliniuliza mimi ni nani kati ya watu watatu," nikasema. "Mimi ni karani."

Kisha maswali yakaja yote kwa pamoja. Kwa hivyo wewe ndiye yule mbaya? Polisi walikushika? Nikawaeleza mraba, nikauchora ubaoni, nikauacha mtupu. Nikawaambia hakukuwa na ahadi ya sukari, kwamba niliiweka ili wamlaumu mtu mwingine, na kwamba aliyeonewa katika kitabu hiki ni nyanya ya mwenzao. Wavulana wa nyuma waliangalia madawati yao.

"Sasa kitabu ni uongo?" akauliza mmoja.

"Kurasa hizi zilikuwa uongo. Ndiyo maana tunabandika nyingine juu yake."

Wakabandika. Gundi iliingia kwenye sweta na kwenye nywele. Msichana wa dirishani alibandika yake taratibu, akiipigapiga kwa ngumi ili ishike, kisha akakifungia kitabu ndani ya begi bila kuniangalia. Sikutarajia aniangalie.

Nilipokuwa nikikusanya vitu vyangu, yule kijana wa ng'ombe mweupe akainua mkono.

"Kuka, na ilikuwa tamu?"

"Nini?"

"Hiyo imondo. Nusu yako."

Nilitaka kusema sikumbuki. Jibu hilo lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Ilikuwa tamu sana," nikasema.

Hakuna aliyecheka.