Kona Nyekundu ya Tablete

Sogea karibu, wewe unayenisikiliza, maana jambo hili si gumu. Waliolifanya gumu ni wataalamu. Kuna programu inayofuata macho. Unaketi mbele ya tablete, kamera yake ndogo inazitazama mboni zako, na kila mahali jicho linapotua, programu inapaka rangi. Ukipita haraka, inapaka buluu. Ukikawia, inapaka nyekundu. Hivyo tu. Nimewaeleza hata wazee wasiowahi kushika simu, nao wakaelewa kabla chai haijapoa.

Aliyekuja nayo mjini kwetu Uvira ndiye hakuielewa. Alikuwa mtaalamu mgeni, mwenye beji shingoni hata alipokwenda chooni. Kazi yake ilikuwa kupima picha ya onyo ambayo watu wa Mulongwe, mtaa ulio kando ya mto, wangetumiwa kwenye simu mto ukianza kufurika: nyumba, maji, na mshale wa kuonyesha upande wa kukimbilia. Mimi, mwalimu wa kompyuta, nilichukuliwa nimtafsirie. Tulikaa katika chumba cha kupanga huko mtaa wa Kasenga, watu wakaingia mmoja mmoja.

Siku ya kwanza alishangilia. Karibu kila mtu aliacha nyumba, maji na mshale, jicho likapanda juu kulia, kwenye kona, likakaa huko. Kona ikaiva kama pilipili. "Hawa wanaanza kusoma pembeni," alisema, kwa sauti ya mtu aliyegundua bara. Kesho yake mshale ulikuwa umehamishiwa kwenye kona ile, mwembamba kama sindano.

Kwenye kona ile ndipo penye alama ya betri. Mtaani kwetu umeme ni mgeni wa kubahatisha, kwa hiyo mtu akishika simu, kwanza anatazama chaji iliyobaki. Simu ikiwa ya mwingine, anatazama mara mbili, maana kummalizia mtu chaji ni utovu wa adabu, kama kula kipande cha mwisho cha samaki wa mwenyeji. Na tablete ya mtaalamu ilikuwa karibu kuzima kila wakati. Nilijua haya yote nikanyamaza, kwa sababu yeye alikuwa na karatasi nyingi zenye mihuri na mimi nilikuwa na kalamu. Kwa hiyo usidhani dharau yangu ni kwake yeye peke yake; nami nimo.

Siku hiyo ya pili aliingia mama mmoja muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Nyumba yake ni ya pili kutoka mtoni, na ndani yake amelala mama yake mzazi, ambaye hatembei tena. Wengine walikuja kwa ajili ya soda ya bure. Yeye alisema shida yake mlangoni.

"Mwalimu, minye nakuja juu ya ile njia. Maji ikikuja, mama nitamubeba kwenda wapi?"

"Utaiona kwenye picha, mama."

Akaketi. Mtaalamu akabonyeza. Kona ikaiva.

"Papa," mama alimwambia mtaalamu kwa upole, "kitu yenu iko inakufa. Mutafute chaja."

"Anasema nini?" mtaalamu akaniuliza.

"Anasema betri inakwisha."

"Mwambie aiache betri, atazame picha."

Nikamwambia. Mama akanigeukia. "Weye unasema niache, kisha ikizima batasema ni muuza ndagala aliiua!"

"Utailipa na ndagala!" akamchokoza mmoja wa waliosubiri mlangoni.

"Ndagala gani? Hata yenye kuoza sitamupa!"

Watu wakacheka. Mtaalamu akatugeuzia tablete tuuone wekundu. "Ameutazama mshale muda mrefu," alisema. "Macho hayadanganyi."

Hapo uvumilivu wangu ukakatika. Nikaichukua tablete, nikaizima, nikaifunika kwa daftari langu.

"Mama, nionyeshe kwa mkono. Maji yameingia uani. Umembeba mama mgongoni, umetoka mlangoni. Unakwenda wapi?"

Akasimama, akainamisha mgongo kana kwamba amekwisha kumbeba, akafikiri. Kisha akanyoosha mkono kuelekea darajani, njia yake ya kila siku ya sokoni.

Hakuna aliyecheka. Pale darajani ndipo mto unapofurika kwanza.

"Lakini aliutazama mshale," mtaalamu akasema.

"Aliitazama chaji yako."

Aliandika kitu, sidhani kama ni hicho. Picha ilitoka hivyohivyo, na sindano yake pembeni, na nasikia ripoti ilisifiwa sana.

Mchana ule nilishuka Mulongwe na yule mama. Tulisimama mlangoni pake, tukaupa mto mgongo, tukapanda kwa miguu mpaka kwenye kanisa lililoko juu mlimani. Tukarudi. Mara ya pili alitangulia yeye, na majirani wawili wakatufuata kwa udaku tu. Mara ya tatu nilimwuliza tena pale mlangoni, na kabla sijamaliza swali mkono wake ulikuwa umeelekea mlimani.

"Mungeniuliza hivi tangu asubui," alisema akijifuta jasho, "tungekuwa tumeshakula."

Basi, siku utakapomwonyesha mtu onyo kwenye skrini, fanya hivi: izime, mwambie asimame, akuonyeshe kwa mkono atakwenda wapi. Akielekeza pabaya, tembea naye njia iliyo sawa mpaka aweze kukutangulia.