Mashine Iliyouliza Kuhusu Mbegu za Mama

Kazi yangu mjini Mbarara ni kuchunga mawakala wa akili bandia, zile programu zinazotenda mambo zenyewe bila kungoja kubonyezwa. Mama, aliyenizaa Burundi na sasa analima Juru, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, huwaambia majirani kwamba nachunga ng'ombe wasioonekana. Nimechoka kumsahihisha.

Kikundi chao cha akina mama kilipopata wakala wa kuuza maharage kwa simu, nilimwekea mlinzi, programu nyingine ya kumkagua. Wakala anajibu wanunuzi na kuita gari; mlinzi anasimama kati yake na kila tendo. Kilichoruhusiwa kinapita na kupigwa muhuri ambao mwanakikundi yeyote anaweza kuuhakiki kwenye simu yake. Ambacho hakikutajwa kinasubiri mpaka mwenye mali aulizwe.

Niliwaomba masharti. Walitaja bei, wakatukana madalali, wakakataza biashara saa ya misa. Mbegu hakuitaja mtu. Kwetu nani hukaa akasema mbegu haziuzwi? Ni kama kumwonya mtu asiuze mtoto. Basi gunia la mbegu la Mama, lenye neno "mbegu" ubavuni, likapigwa picha ghalani pamoja na mengine ya kuuzwa.

Jumamosi moja nilikuwa nyumbani kwa Mama, tunachambua maharage, mke wa askari wa kambi ya jeshi ya Mbarara akatuma sauti: "Nyabo, mama yangu, mimi nataka yote. Hiyo ya mwisho pia leta." Wakala alikuwa ameshaandaa jibu la kukubali. Mlinzi akamzuia, simu ikamwuliza Mama: niuze na gunia la mbegu?

Mbegu zile alivuka nazo mpaka akitoka Burundi, amezifunga kiunoni, na msimu wa kwanza hapa Nakivale tulilala njaa nazo zipo ndani. Nikajiandaa kutukanwa.

Mama akacheka. "Imeuliza," akasema. "Shangazi yako alikuwa anachukuaga tu."

Kisha akaiamuru: "Mbegu haziuzwi." Simu ikapiga muhuri, ikataka kujua ni nani mwingine anaweza kulibadilisha sharti hilo. Nilitarajia amtaje dada yangu anayelima naye kila siku. Mimi jembe nililiacha nilipopata kompyuta.

"Huyu," akasema, akinigusa goti. "Nikikufa, muulize huyu. Lakini msimu huu anakuja kulima."

Jumatatu niliomba likizo.