Sufuria za Ijumaa

Mwaka niliomaliza chuo, mama yangu alitangaza kwamba angefunga hoteli yake pale kijijini Nyakoe mwisho wa mwezi. Alitangaza huku akisukuma chapati, bila kuinua macho, kana kwamba anasema chumvi imeisha. Hoteli yenyewe ilikuwa chumba cha mabati chenye meza chache na benchi, na nyuma yake jiko refu la udongo ambalo juu yake aliweza kupanga sufuria kama watoto wa shule mstarini. Jiko hilo ndilo lililonisomesha. Siku hizo lilipikia chai na supu kidogo, basi.

"Watu hawana pesa," alisema. "Nitarudi shambani nichume chai."

Nilikuwa na shahada ya biashara ambayo hakuna aliyeitaka, kwa hiyo nilikuwa na muda mwingi wa kuuliza maswali. Kwa nini tunapika supu isiyo na mnunuzi? Kwa nini tunafunga Jumamosi?

"Kwa sababu ni Sabato."

"Lakini Mama, Jumamosi watu ni wengi barabarani..."

"Sabato si mali yangu. Nitaiuzaje?"

Hapo hapakuwa na mjadala. Nikashauri tupunguze chapati na kuacha bei ilivyo, kama wanavyofanya wenye viwanda na sabuni zao. Tukajaribu. Mwendesha bodaboda mmoja aliinua chapati yake dirishani, akalitazama jua kupitia kwayo.

"Mathe, hii ilikuwa mgonjwa, ama bado inanyonya?"

Benchi nzima ikacheka. Mama akaninyooshea mwiko. "Muulizeni huyu msomi wangu." Kesho yake chapati zikarudia ukubwa wake.

Kisha, Ijumaa moja mchana, mwanamke mmoja wa kanisa letu akaingia na sufuria ya maharagwe makavu. Hakutaka chakula chetu.

"Dada, niwekee hapa pembeni mwa moto wako. Gesi imeniishia, na makaa siku hizi hayashikiki. Kesho watoto watakula mawe."

Mama akasogeza birika, akamwekea. Hakuna aliyetaja pesa.

Kwetu, nyumba za Wasabato hupika chakula cha Jumamosi siku ya Ijumaa, kabla jua halijatua. Nimelijua hilo tangu nizaliwe, na huenda ndiyo maana sikuwahi kulifikiria. Siku ile nilisimama nikiitazama sufuria ya watu ikianza kutokota juu ya jiko letu, nikaelewa. Watu hawakuwa wameacha kula! Mahindi walikuwa nayo, ndizi walikuwa nazo, mboga ya chinsaga ilijaa nyuma ya nyumba. Kilichowashinda kilikuwa moto. Na sisi moto tulikuwa nao wa kumwaga, kwa kuwa tulikuwa tumepogoa chai yetu na matawi yake yalikuwa kuni za kutosha kijiji. Tulikuwa tumekaa siku zote hizo tukijiuliza tuwauzie nini, badala ya kuuliza wamepungukiwa na nini.

"Mama! Tuuze moto!"

"Moto hauuzwi." Alikunja uso kweli kweli. "Mimi nilitumwa kwa jirani kuomba kaa nikiwa mdogo. Ulisikia wapi jirani akidai malipo?"

"Na kusimama hapo ukiongeza maji, ukikoroga, ukiangalia yasiungue? Hiyo nayo ni kaa la jirani?"

Tuliendelea kubishana tukiosha vyombo, tukabishana tukifunga mlango, na mwishowe yeye ndiye aliyepata njia. Moto ungekuwa bure, lakini macho yake yasingekuwa bure. Anayetaka kuiacha sufuria aende zake, alipie kuangaliwa, kwa hela kidogo au kwa mzigo wa kuni. Anayetaka kulinda sufuria yake mwenyewe, aketi, chai ipo. Nilimkumbatia, unga na yote.

Ijumaa iliyofuata sufuria zilianza kuja kabla hata hatujafagia. Zikajaa jikoni, nyingine zikapanga foleni sakafuni. Wanawake waliobaki waliketi, wakaagiza chai, wakaagiza chapati, wakasemana. Sikuwa nimesikia kelele kama zile humo ndani tangu nikiwa shule ya msingi. Fundi wa simu aliyepanga chumba cha jirani, kijana wa kutoka upande wa ziwa, naye akaleta sufuria yake. Ndani mlikuwa na mumi wa kukaushwa, yule samaki wa masharubu. Niliipokea kwa mikono miwili. Biashara haibagui!

Tulizitambua sufuria kwa vifuniko. Hilo lilikuwa wazo letu sote wawili, na lilikuwa bovu. Masizi yaliifanya kila sufuria ifanane na mwenzake, nasi tulikuwa tunafunua hii, tunakoroga ile, tunafunika kwa kifuniko kilicho karibu na mkono. Jua lilipoanza kuinama, kila mtu alitaka chakula chake mara moja. Tukagawa mbio mbio.

Wa mwisho alikuwa fundi. Akafunua.

"Mama, samaki wangu wameokoka? Wamekuwa maharagwe."

Mama alishika kichwa. Maharagwe yale aliyatambua kwa vitunguu vilivyokatwa vikubwa: yalikuwa ya mke wa mzee wa kanisa. Basi mumi alikuwa njiani kwenda mezani kwa mzee wa kanisa, na mumi hana magamba. Kwa Wasabato ni najisi.

"Wakila hiyo," Mama alisema polepole, "Jumapili sitakuwa na mteja hata mmoja. Tena sitastahili kuwa naye."

"Nitabadilisha kimya kimya. Nitasema nilisahau kutia chumvi."

"Utasema kilichotokea. Chote."

Nilipanda bodaboda nikiwa na sufuria ya moto mapajani, imefungwa kwa leso, mchuzi ukinichoma kila tulipopiga shimo. Dereva aliniuliza kama nabeba mgonjwa. Nikamwambia ndiyo, aongeze mwendo. Jua lilikuwa limekaa juu ya kilima kama limeambiwa lisubiri kidogo.

Mke wa mzee alikuwa mlangoni pa jikoni, akiiviringisha sufuria kwa blanketi ili itunze joto hadi kesho.

"Usifungue!" nilipiga kelele.

"Huko chuoni salamu zimefutwa?"

"Bwairire, mama. Hiyo sufuria ina mumi. Tulichanganya. Maharagwe yako ni haya."

Akaitazama sufuria mikononi mwake. Kutoka sebuleni sauti ya mzee ikauliza, "Ina nini?"

"Mumi!"

"Nilikuambia hiyo harufu si ya maharagwe," mzee akasema. " Ukaniambia ni tamaa."

Mkewe aliketi juu ya gogo, akacheka hadi akajifuta macho kwa lile blanketi. Nami nikacheka, lakini kwa hofu, kwa sababu sikujua kicheko kile kingeishia wapi. Kilipoisha akanitazama kwa makini.

"Mngeweza kubadilisha tu, nisijue."

"Mama alikataa."

"Hmm." Akapokea maharagwe, akafunua, akaonja. "Leo nimelala mchana. Siku ya Ijumaa! Tangu niolewe sijawahi. Mwambie mama yako wiki ijayo naleta mbili, na dada yangu ataleta yake. Lakini mumi awe na moto wake mbali."

Nilirudi na mumi wa fundi, nikipiga mayowe kutoka juu ya pikipiki kabla haijasimama. Mama alikuwa amesimama nje akiangalia barabara. Aliposikia, alikaa kizingitini na kuvua viatu.

Jumapili asubuhi tulikuwa tukikanda udongo wa jiko la pili, nje, upande upepo unakoelekea. Fundi alisimama akituangalia.

"Kwa hiyo samaki wangu atalala nje kama mbuzi?"

"Ukitaka alale ndani, lete mwenye magamba," Mama alimjibu. "Kwa sasa chota maji."

Akaenda kuchota. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuuliza: na siku nyingine za wiki? Na Wakatoliki, Jumapili wakirudi misani na njaa? Na walimu wanaopanga vyumba visivyo na jiko? Mama alinirushia donge la udongo, likanipata begani.

"Uliza ukifanya kazi," alisema.